Viza ya Mwenzi wa Ndoa ya Uingereza: Tathmini kwa Wanaoomba Kutoka Tanga

Huduma ninayoitathmini hapa ni viza ya mwenzi wa ndoa, ile ambayo serikali ya Uingereza humpa mume au mke wa raia wake anayetaka kuhamia kule na kuishi na mwenziwe. Nimeijua kwa kukaa meza moja na binti wa kaka yangu, aliyeolewa hapa Tanga na kijana mzaliwa wa Ngamiani aliyekulia Leicester na kuwa raia wa huko, na baada yake nimewasaidia majirani wa Chumbageni na Mikanjuni kupanga nyaraka zao kabla hawajapanda basi la Dar es Salaam. Naandika kwa sababu wengi wa mji wetu huliendea ombi hili kwa maneno ya barazani na ahadi za mawakala, ilhali masharti yake yameandikwa na kuwekwa wazi mtandaoni, na kwa sababu inaniuma kuona watu waliooana kwa haki wakiishi mbali mbali muda mrefu kwa kukosa waraka ambao ungepatikana Tanga hii hii.

Nianze na linalostahili sifa. Masharti ya viza hii yamekusanywa katika sehemu moja ya kanuni za uhamiaji, iliyoanza kutumika Julai 2012, na anayeyasoma kwa utulivu anaweza kujua kama anastahili au hastahili kabla hajalipa chochote. Tena kanuni hizi humtazama mume mgeni sawa na mke mgeni. Haikuwa hivyo zamani. Mei 1985 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, huko Strasbourg, iliamua kwamba Uingereza ilikuwa ikibagua kwa jinsia, maana iliwarahisishia wanaume waliokaa kule kuwaleta wake zao na kuwawekea ugumu wanawake waliotaka kuwaleta waume zao. Serikali ile ikaitikia hukumu hiyo kwa kuwabana wote kwa kiasi kimoja, jambo ambalo ni usawa lakini si wema. Mpaka 1997 palikuwapo pia kanuni iliyomtaka mwombaji athibitishe kwamba lengo kuu la ndoa yake halikuwa kuingia Uingereza, na kufutwa kwake kuliwapa nafuu wengi, kwa kuwa mtu hana njia ya kuonyesha waraka wa kitu ambacho hakukikusudia.

Kwa haki, nasi tujitazame. Sheria yetu ya Uraia ya 1995 humruhusu mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania kuomba uraia wakati wowote mumewe akiwa hai, lakini mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania hakupewa njia hiyo, naye hupimwa kwa miaka aliyoishi nchini kama mgeni mwingine yeyote. Mabinti wa Tanga walioolewa na wageni na kuamua kubaki nao hapa hapa wanaujua uzito wa tofauti hiyo. Katika jambo hili Waingereza wametutangulia.

Udhaifu mkubwa wa huduma hii kwa watu wa pwani uko kwenye namna inavyoitambua ndoa. Inaitambua kwa maandishi. Sisi ndoa zetu tunazithibitisha kwa watu: mshenga aliyepeleka posa, wazee waliokubaliana mahari, wali aliyeozesha, mashahidi waliokaa msikitini, na mtaa mzima ulioona bwana harusi akiingizwa ndani kumpa mkono mkewe. "Shangazi," aliniuliza binti wa kaka yangu siku tuliyofungua fomu, "kwani watu wote wale waliokuja nyumbani si ushahidi?" Nikamwambia, "Ni ushahidi, mwanangu, ila anayeamua hawajui na hatawaita. Atasoma kilichoandikwa basi." Ndivyo ilivyo kweli. Afisa anaweza kuliamua ombi bila kumwona mwombaji hata mara moja, na kwa kawaida hana mbele yake ila fomu, vyeti, barua, picha na taarifa za benki.

Kwa hiyo waraka wa kwanza ni cheti cha ndoa, nacho ndicho kinachowakwamisha wengi bila sababu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ndoa zote zisajiliwe, ziwe za Kiislamu, za Kikristo, za kimila au za kiserikali. Kutokusajiliwa hakubatilishi ndoa, na hapo ndipo watu hujisahau, kwa sababu maisha yanaendelea vizuri tu bila cheti hadi siku ambayo mtu wa mbali anakidai. Nimeona familia zilizohifadhi kwa heshima karatasi waliyopewa siku ya nikaha, lakini hazikuwahi kufuatilia kama mfungishaji aliifikisha taarifa kwa msajili. Ushauri wangu ni kwamba kabla ya kitu kingine chochote mwombaji ahakikishe ndoa yake imeingia katika rejista, na kwamba cheti alicho nacho ni kile kinachotambuliwa na Msajili wa Ndoa kupitia RITA, wakala wa serikali wa usajili. Jambo hili hufanyika hapa hapa mjini. Atazame pia tahajia ya majina kwa makini, kwa sababu Saidi wa kwenye cheti na Said wa kwenye pasipoti ni mtu mmoja kwetu sisi tunaomjua, lakini kwa msomaji wa mbali ni maswali mawili. Jina likitofautiana, afadhali kiapo cha kuthibitisha jina kiandaliwe kwa wakili mapema na kiambatanishwe, kuliko kungoja kuulizwa.

Liko neno moja kwenye cheti ambalo limewatia wengi hofu. Kwa sheria yetu ndoa ya Kiislamu hudhaniwa kuwa ya wake wengi, au yenye uwezekano wa kuwa hivyo, mpaka ionyeshwe vinginevyo, na yapo mabaraza hapa Tanga ambayo yamewaambia mabinti kwamba cheti cha namna hiyo hakikubaliki Uingereza. Si kweli. Tangu sheria yao ya 1995, ndoa iliyofungwa nje ya nchi yao ambayo inaruhusu mke mwingine lakini kwa hakika ina mke mmoja haibatiliki kwa sababu hiyo. Kinachokatazwa ni ndoa ambayo tayari ina wake wawili kwa mume mwenye makazi yake ya kudumu kisheria huko, na sheria ya uhamiaji ya 1988 inamzuia mke wa pili kuingia kwa jina la mke pale ambapo mwingine amekwisha kuingia. Familia inayomposea binti kwa mtu wa Uingereza ina haki, na hata wajibu, wa kuuliza swali hili waziwazi wakati wa posa. Mshenga mwenye hekima ataliuliza bila kumvunjia mtu heshima.

Talaka ndiyo sehemu ninayotaka kuikazia zaidi, kwa kuwa hapa ndipo nimeona machozi. Mwanamke aliyeachwa akaolewa tena lazima aonyeshe kwamba ndoa ya kwanza ilikwisha kisheria, na wengi wa kinamama zetu wana talaka ya mdomo, au talaka ya maandishi ya mume, au barua ya shekhe, na kwa dini yao wameshakaa eda na wako huru. Sheria ya Ndoa, hata hivyo, haitambui kwamba ndoa iliyofungwa Tanzania Bara imevunjika kwa talaka mpaka mahakama itoe amri. Utaratibu wake ni kwenda kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, na baraza likishindwa kupatanisha hutoa hati ya kueleza hivyo. Kisha shauri hupelekwa mahakamani, na hata Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya kulisikiliza. Kwa waliooana Kiislamu sheria imeweka njia nyepesi zaidi: mahakama ikiona kwamba baraza lilishindwa kusuluhisha na kwamba baadaye talaka ilitolewa kwa mujibu wa dini, huthibitisha hivyo na kutoa amri ya talaka. Waingereza nao husema katika sheria yao ya familia ya 1986 kwamba talaka iliyopatikana nje ya nchi yao ni lazima iwe na nguvu katika nchi ilikotolewa. Maana yake ni kwamba talaka ambayo sheria ya Tanzania haijaitambua haitamsaidia mtu kule. Aliyeolewa mara ya pili kabla ya kupata amri hiyo anaweza kujikuta ndoa yake mpya yenyewe inatiliwa shaka. Namsihi kila mama mwenye hali hii aanze mahakamani, hata kama posa bado haijaja. Mjane naye atahitaji cheti cha kifo cha marehemu, ambacho ni rahisi zaidi kukifuatilia ndugu wakiwa na ushirikiano.

Zaidi ya cheti, mwombaji hutakiwa kuonyesha kwamba ndoa ni ya kweli na inaendelea, kwamba wawili hawa wamewahi kuonana ana kwa ana, na kwamba wote wametimiza miaka 18. Ndoa iliyopangwa na wazazi haina kosa lolote, na afisa haruhusiwi kuikataa kwa sababu hiyo peke yake. Lakini fomu inauliza tarehe ambayo wawili walionana kwa mara ya kwanza, tarehe uhusiano ulipoanza, na tarehe walipoanza kuishi pamoja, na kwetu tarehe hizi hazina jibu moja. Uhusiano ulianza lini: siku aliyomwona kwenye harusi ya binamu, siku wazee walipopokea barua ya posa, au siku walipoanza kuzungumza kwa simu kwa idhini ya wazazi? Jibu lolote kati ya hayo ni la kweli, ila mume akiandika moja katika barua yake kule Leicester na mke akajaza jingine hapa Tanga, itaonekana kama mmoja wao hasemi kweli. Wakae wazungumze kwanza, wakumbushane, na katika barua zao waeleze mila yenyewe kwa sentensi chache ili msomaji aelewe kwa nini siku ya posa ndiyo iliyohesabiwa. Barua ya mzazi au ya mshenga inayosimulia jinsi mambo yalivyokwenda nimeiona kuwa na thamani kubwa, mradi iwe ya kwao wenyewe na si ya kunakili.

Waraka wowote ulioandikwa kwa Kiswahili uwe na tafsiri kamili ya Kiingereza, na tafsiri hiyo iwe na uthibitisho wa mfasiri kwamba ni sahihi, tarehe, jina lake kamili, sahihi yake na mawasiliano yake. Stesheneri moja hapa mjini ilitufasiria barua vizuri kabisa kisha ikatupa karatasi isiyo na jina wala tarehe, na ilibidi kazi irudiwe. Mwambie mfasiri mambo hayo kabla hujamlipa.

Sasa fedha. Kuanzia 9 Aprili 2025 ada ya ombi kwa aliye nje ya Uingereza ilikuwa pauni 1,938, na juu yake tozo ya afya ya pauni 1,035 kwa mwaka, ambayo kwa viza ya miezi 33 ililipwa yote kwa mkupuo mmoja, pauni 3,105. Jumla mwaka huo ilikuwa pauni 5,043, ambazo kwa viwango vya kubadilishia fedha vya 2025 zilikuwa zaidi ya shilingi milioni 15, bado hujahesabu mtihani, vipimo, tafsiri na nauli. Ombi likikataliwa tozo ya afya hurudishwa lakini ada ya ombi hairudi. Sioni namna ya kuitetea bei hii. Mtu anayelipa kodi kule kila mwezi hulipishwa kiasi hiki ili akae nyumba moja na mke wake, na mke huyo akianza kazi naye atalipa kodi inayogharimia hospitali zile zile.

Kiwango cha chini cha kipato ni kizito kuliko hata ada. Kuanzia 11 Aprili 2024 mdhamini, yaani mume au mke aliye kule, anatakiwa awe na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka kabla ya kodi, ilhali tangu 2012 kiwango kilikuwa pauni 18,600. Serikali iliyokuwapo ilikuwa na nia ya kukipandisha hadi 38,700, na iliyoingia Julai 2024 ikasimamisha upandishaji huo. Chukua mfanyakazi anayelipwa kima cha chini cha mshahara cha Aprili 2025, pauni 12.21 kwa saa, akifanya kazi saa 37 na nusu kila wiki bila kukosa hata wiki moja mwaka mzima: atapata karibu pauni 23,800. Huyu ni mtu mwenye kazi halali ya kutwa, analipa kodi, hamtegemei mtu, na bado sheria inasema hana uwezo wa kuishi na mkewe. Vijana wengi wenye asili ya pwani yetu ambao nimewasikia wanafanya kazi za maghala, za kuendesha magari na za kuwahudumia wazee, na kazi hizo ndizo zilizo karibu na kiwango hicho.

Kinachoumiza zaidi ni kwamba mshahara wa mwombaji anaoupata hapa hauhesabiwi. Mke mwenye duka lake Barabara ya Nane, au mwalimu mwenye mshahara wa serikali, huonekana kama asiye na kitu. Akiba huhesabiwa, lakini asiye na kipato kingine anatakiwa kuwa na pauni 88,500 zilizokaa benki kwa miezi 6, na sijui wangapi kati yetu wangeziacha zikae. Mdhamini anayepokea baadhi ya posho za ulemavu, au posho ya kumtunza mgonjwa, huondolewa sharti la kiwango hiki na hupimwa kwa namna nyepesi zaidi. Hili linasahauliwa mara nyingi na lafaa kuulizwa. Februari 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema kwamba kuweka kiwango cha kipato si kinyume cha sheria, ila kanuni zilikuwa hazijazingatia ipasavyo maslahi ya watoto wala vyanzo vingine vya fedha, na tangu hapo kuna mlango mdogo kwa wenye mazingira ya pekee. Ni mdogo kweli, na anayetaka kuupitia asipite bila mwanasheria.

Kwa mwajiriwa aliyekaa na mwajiri mmoja miezi 6 au zaidi, uthibitisho ni hati za mshahara za miezi hiyo, taarifa za benki zinazoonyesha mshahara ukiingia, na barua ya mwajiri. Hapa huduma ni kali lakini inatabirika: kiasi cha kwenye hati na kiasi kilichoingia benki vikilingana mwezi kwa mwezi, hakuna anayekuuliza zaidi. Fedha za mkononi anazosaidiwa na kaka yake hazina nafasi. Makazi nayo yaonyeshwe, na kuishi kwa wazazi wa mume kunakubalika ikiwa nafasi inatosha na mwenye nyumba ameandika barua ya ridhaa.

Mtihani wa Kiingereza usiwatishe watu. Kwa ombi la kwanza ni kiwango cha chini kabisa, A1, cha kusikiliza na kuzungumza tu, na mtihani wa IELTS wa ngazi hiyo huchukua kama robo saa, watahiniwa wawili wakizungumza pamoja mbele ya mtahini. Kusoma sekondari kwa Kiingereza hapa nchini hakumwondolei mtu mtihani, jambo linalowashangaza walimu wenzangu. Shahada ya chuo kikuu iliyofundishwa kwa Kiingereza inaweza kumwondolea, baada ya kuthibitishwa na chombo chao cha kulinganisha vyeti. Lazima mtihani ufanyiwe kituo kilichoidhinishwa kwa ajili ya viza, kwa hiyo asijisajili popote kabla ya kutazama orodha.

Kipimo cha kifua kikuu ni lazima kwa wakazi wa Tanzania, na hufanywa kliniki iliyoidhinishwa Dar es Salaam. Cheti chochote cha Bombo au cha hospitali nyingine hakitapokelewa kwa kazi hii. Wengi hupigwa picha ya kifua na kupewa cheti chenye nguvu ya miezi 6. Picha ikiwa na alama yoyote, huchukuliwa makohozi na kuoteshwa maabara, na hilo linaweza kumaliza wiki 8. Ndiyo maana nasema aliyewahi kuugua kifua afanye kipimo hiki mapema kuliko vingine, na asione haya. Kifua kikuu kinatibika, na kuwahi kuugua si sababu ya kunyimwa viza.

Fomu yenyewe hujazwa mtandaoni, kwa Kiingereza, na inauliza mengi: safari zote za nje kwa miaka 10, habari za wazazi wote wawili, kazi, fedha na ndoa zilizopita. Inaruhusu mtu kuhifadhi alipofika na kurudi siku nyingine, jambo ambalo kwa mji wenye umeme wa kukatika ni fadhila. Nyaraka hupandishwa baada ya kuskaniwa, kisha mwombaji huenda mwenyewe Dar es Salaam kupigwa picha na kutoa alama za vidole. Kutoka stendi ya mabasi ya Kange hapa Tanga hadi huko, kwa kupitia Segera na Chalinze, ni kilomita zipatazo 350, na miadi ni ya saa maalumu, kwa hiyo asiye na jamaa wa kulala kwake mjini atenge fedha za kulala siku moja kabla. Ningependa sana huduma hii ya alama za vidole isogezwe walau kwa siku chache za mwaka katika miji ya Tanga, Arusha na Mwanza, maana mama mwenye mtoto mchanga husafiri kutwa nzima kwa kazi ya dakika chache.

Kuhusu mawakala nitasema kwa uzito. Wapo wanaojua kuskani na kujaza fomu, na kuwalipa kwa kazi hiyo hakuna ubaya. Anayekuahidi kwamba anamjua mtu ubalozini, au anayekutengenezea hati ya mshahara au taarifa ya benki, anakuharibia maisha, kwa kuwa waraka wa kughushi unaweza kumfungia mtu mlango wa Uingereza kwa miaka 10. Ndani ya Uingereza ni kosa la jinai mtu kutoa ushauri wa uhamiaji kama kazi bila kuwa mwanasheria au kusajiliwa na mamlaka inayosimamia washauri hao, kwa hiyo ni afadhali mume atafute msaada halali kule kuliko mke kutafuta wa mkato hapa.

Muda uliotangazwa wa kupata jibu ni wiki 12, na ombi lenye utata hukaa zaidi. Ukimya wa muda huo ni mgumu, hasa kwa bibi harusi anayeulizwa kila Ijumaa anaondoka lini. Jibu likiwa la kukataa, barua hueleza sababu kwa maandishi, na mwombaji aliye nje kwa kawaida ana siku 28 za kukata rufaa kwa msingi wa haki ya maisha ya familia, kwa ada ya pauni 140 ikiwa anataka shauri lisikilizwe. Hii ni tofauti kubwa na viza ya matembezi, ambayo kwa kawaida haina rufaa. Naithamini haki hii kuliko kitu kingine chochote ndani ya huduma nzima. Kama kilichokosekana ni waraka unaopatikana, kuomba upya huenda kukawa haraka zaidi, ila ada nayo hulipwa upya.

Aliyepewa viza anaruhusiwa kufanya kazi na kusoma, na anatibiwa katika hospitali za umma kwa tozo aliyolipa. Baada ya miezi 33 huongeza miezi mingine 30 kwa ada nyingine na mtihani wa Kiingereza wa juu kidogo, na akitimiza miaka 5 anaweza kuomba haki ya kukaa daima, kwa kufaulu Kiingereza cha B1 na mtihani wa maisha ya Uingereza wenye maswali 24, ambamo hutakiwa kupata 18. Wazazi wanaomsindikiza binti yao wamwambie jambo hili pia, tena kabla hajaondoka: viza imefungamana na ndoa, lakini anayepigwa au kudhalilishwa na mwenziwe ana njia yake ya kisheria ya kuomba haki ya kukaa daima akiwa peke yake, na hapaswi kuvumilia mateso kwa kuogopa kurudishwa. Mtesaji ndiye anayefaidika mkewe asipolijua hilo.

Uraia ni suala la baadaye, nalo lina gharama ya aina yake. Mwenzi wa raia anaweza kuomba uraia wa Uingereza baada ya kuishi kule miaka 3, akishapata haki ya kukaa daima, na Uingereza haimtaki aukane uraia wake wa kwanza. Tanzania ndiyo isiyoruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili; anayeapa kule hupoteza wa hapa. Kwa hiyo aliye na shamba Pangani, au wazazi wa kuwauguza Ngamiani, anaweza kubaki na pasipoti ya Tanzania na kutumia haki ya kukaa daima peke yake, akikumbuka kwamba haki hiyo nayo hupotea kwa anayekaa nje ya Uingereza zaidi ya miaka 2 mfululizo.